Koki ya Pipa

Likizo ya Juni iliyopita Baba aliniachia mashine yetu ya kusaga hapa Mishamo, akaenda Mpanda kununua mkanda. Nilikuwa nikijaza dizeli kwenye debe, rafiki zangu wakapita kwenda kutazama mpira, nami nikawafuata. Koki ya pipa sikuifunga sawasawa. Niliporudi, kadiri ya lita 20 zilikuwa zimenyonywa na ardhi, ukingoni mwa shamba la maharagwe la Bibi.

Shamba lile si kitu kidogo kwetu. Babu na Bibi walikimbia Burundi mwaka 1972, na makazi ya Mishamo yalipofunguliwa 1978 walikuta msitu, wakaufyeka kwa mikono yao. Kwa hofu nilichukua jembe, nikafukia mahali pale, nikashindilia kwa miguu mpaka pakawa pagumu kama sakafu. Sikumwambia mtu.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wetu wa Baiolojia, asiyejua habari zangu, alitueleza kwamba udongoni wamo bakteria walao mafuta, lakini huhitaji oksijeni nyingi ili wayamalize upesi. Huko Hill, kituo cha ndege za kijeshi katika Utah, Marekani, mafuta ya ndege yalimwagika, na mwaka 1988 wataalamu wakaanza kuvuta hewa kutoka ardhini kwa mabomba. Hewa chafu ikitoka, hewa safi huingia mahali pake. Wakapima oksijeni iliyopungua na kaboni dayoksaidi iliyoongezeka, wakahesabu mafuta yaliyoliwa, mbali na yale yaliyotoka kama mvuke. Kila gramu ya mafuta huhitaji kama gramu 3.5 za oksijeni.

Usiku ule nilihesabu kwa siri. Lita 20 za dizeli ni kama kilo 17, basi zataka oksijeni kilo 60 hivi. Hewa yenye oksijeni hiyo ni zaidi ya mita za ujazo 200, yaani hujaza darasa zima. Nami nilikuwa nimewaziba bakteria pumzi kwa miguu yangu!

Jumamosi nilimwambia Bibi. Akanitazama, akasema, "Mjukuu wangu, harufu niliisikia siku ile ile. Nilikuwa nakungoja wewe." Akanipa jembe. (Baba naye nilimwambia jioni; hayo si ya gazeti hili.)

Tangu hapo kila Jumamosi nageuza udongo, nachanganya samadi ya mbuzi, nanyunyiza maji kidogo. Juu harufu imekwisha, lakini nikichimba kina cha mkono bado ipo. Msimu huu Bibi ameiacha mistari miwili ya ukingoni bila mbegu.

Mwanafunzi, Kidato cha III