Kura ya Mkono na Kura ya Punje

Uhakiki wa fasihi umezoea kuuliza ni nani aliyeitunga kazi na ni nani aliyelengwa nayo. Haujazoea kuuliza ni nani aliyeichagua. Hata hivyo, kabla hadhira haijaitazama filamu yoyote, mtu fulani amekwisha kuamua kwamba hiyo, wala si nyingine, ndiyo inayostahili jioni yao.

Suala hili lilimkabili mhadhiri mmoja, mzaliwa wa Bomet, alipopeleka filamu kongwe za Kiafrika katika kambi ya wachumaji chai nje ya mji wa Kericho. Aliazimia kwamba uamuzi uwe wa hadhira. Akawatajia tatu: Mandabi ya Sembène Ousmane (1968), Arusi ya Mariamu kutoka Tanzania (1985) na Saikati ya Anne Mungai (1992). Alisimulia kiini cha kila moja kwa Kiswahili, kwani kambini walikaa Wakipsigis, Wakisii na Waluo pamoja, kisha akaomba wanyoshe mikono.

Nyapara aliyeketi mbele alinyosha mkono wake kwa Arusi ya Mariamu, na karibu mikono yote ikaufuata. Filamu ilitazamwa kwa adabu. Usiku huo mhadhiri aliandika katika daftari lake kwamba hadhira ya wafanyakazi huvutiwa na maudhui ya tiba za jadi. Kesho yake mzee mmoja alimsahihisha kwa upole: "Mwalimu, ule haukuwa uchaguzi. Ule ulikuwa mlolongo."

Neno hilo lina uzito wake nchini Kenya. Katika mchujo wa KANU wa mwaka 1988, wapigakura walipangwa foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa. Mtu alichagua huku akionwa na chifu, jirani na mwajiri. Ni dhahiri, basi, kwamba mkono ulionyoshwa mbele ya nyapara hauwezi kusomwa kama ushahidi wa ladha.

Dhana ya kuipima hadhira bila kuipa uhuru si ngeni. Mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, ulizungusha filamu zake hadi Kenya na kuchunguza namna Waafrika walivyozipokea. Watazamaji waliangaliwa kwa makini. Waliochagua ni wengine.

Mara ya pili mhadhiri alileta mikebe mitatu, akaiweka nyuma ya pazia, na kila mtu akapewa punje moja ya mahindi. Mandabi ikashinda kwa mbali. Ibrahima Dieng alipozungushwa ofisi hadi ofisi kwa kukosa kitambulisho, huku hawala ya fedha ikiwa mkononi mwake, kambi ilicheka sana, kisha ikanyamaza. Kila aliyewahi kufuatilia haki yake dirishani alijua anachokitazama. Mhadhiri alikwenda akaufuta ule ukurasa wa daftari.

Lakini siri nayo haikutosha. Filamu ilipokuwa katikati, wanawake waliingia mmoja mmoja, mikono ikinuka moshi. Punje zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa walipokuwa bado wanasonga ugali. Mmoja wao aliuliza kama yule msichana wa Kimaasai aliyetoroka ndoa ataonyeshwa siku gani. Aliambiwa kwamba Saikati imeshindwa. "Imeshindwa na nani?" akauliza.

Mhadhiri hakuwa na jibu. Kura ya tatu ilipigwa Jumapili alasiri, kabla mioto haijawashwa, na mkebe wa Saikati ukajaa. Alichojifunza hapo hakikuhusu ubora wa filamu yoyote kati ya hizo tatu: kabla mhakiki hajadai kwamba hadhira imependa, sharti aulize ilipigiwa kura saa ngapi, mbele ya macho ya nani, na ni nani aliyekuwa bado jikoni.