Mbao Zilizo Chini ya Mabati

Mtu apitaye njia ya Goma kwenda Sake hufika Mubambiro, na huko huona nyumba nyingi za mbao zilizoezekwa mabati, ambayo sisi tunayaita manjanja. Mabati hayo hayadumu. Volkeno zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, hutoa moshi wenye salfa, nao upepo mara nyingi huusukuma upande wa magharibi, ndio upande wetu. Moshi ukichanganyika na mvua, maji huwa makali, yakala bati na misumari pole pole. Kwanza yaja kutu, kisha tundu dogo. Maji yapitayo hapo hukaa juu ya mbao, nazo huoza pasipo mtu kuziona.

Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwangu. Kwa miaka mitatu niliweka sufuria mahali palipovuja, nikadhani yatosha.

Mwezi wa Septemba 2018 upepo mkali uling'oa mabati 9. Seremala alipopanda juu alikuta mbao 14 zimeharibika. Mbao 5 zilikuwa zimevunjika siku ile ile, moyo wa mti ungali mweupe. Zile 9 nyingine zilikuwa nyeusi, zikibonyea kwa kidole kama ndizi iliyoiva sana. Akaniambia: "Baba, msumari haushiki katika mti uliooza. Ukiweka bati jipya juu yake, upepo ujao utalichukua."

Nilikuwa mwanachama wa chama cha akiba, cha namna ile iitwayo MUSO. Kasha la kijani hukopesha, na mkopo hurudishwa. Kasha jekundu humsaidia aliyepatwa na msiba, wala harudishi kitu. Jirani yangu akanishauri: "Sema upepo umevunja zote 14. Nani atapanda kuangalia?" Nami nilikuwa na watoto wanne shuleni. Nakiri kwamba usiku ule nililala na shauri lile moyoni.

Siku ya mkutano, mbele yangu katika mstari alisimama mama mjane auzaye sombe sokoni. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa mchango wake, akautia katika kasha jekundu. Basi nilipoulizwa, nilisema yote kama yalivyokuwa: 5 ni za upepo, 9 ni za uvivu wangu.

Wazee wawili walitumwa kuangalia paa kabla halijafunikwa. Kasha jekundu likalipa mabati 9 na mbao 5. Kwa zile 9 zilizooza nikapewa mkopo wa kasha la kijani, nikaulipa kwa miezi sita. Nilipigwa na haya, lakini nililala vema.

Baadaye nilijifunza kwamba makampuni ya bima hufuata njia kama hiyo. Kwa kawaida hulipa hasara ya ghafula, kama ile ya dhoruba, wala hayalipi uozo wa miaka. Kwa kuwa mbao hufichwa na mabati, madhara mengi huonekana paa likiisha kufunuliwa. Kwa hiyo mwenye nyumba yampasa kupiga picha, kutunza hati za vitu alivyonunua, na kumwita mkaguzi kabla ya kufunika tena. Na kila mwaka, kabla ya mvua, apande juu, atazame misumari, aguse mbao kwa mkono wake.

Mwaka 2024 vita viliwakimbiza watu wengi wa Sake na Mubambiro, na chama chetu kikatawanyika. Lakini nikikutana na mmoja wa wenzangu, naweza kumtazama machoni. Kama ningalidanganya, ningalikuwa nimeiba senti za mjane yule.

Dhambi ndogo iliyofunikwa hufanya kazi kama tone lile la maji. Tumwombe Mtakatifu Yosefu, seremala wa Nazareti, atuombee tuwe watu wanyofu hata mahali pasipoonekana.