Kifua Kilichonibana Kakuma

Watoto wa Lodwar wa rika langu tulilijua jina la Paul Ereng kabla ya kulijua la mbunge wetu. Alishinda dhahabu ya mita 800 kule Seoul mwaka 1988, na kwa kuwa ni Mturkana mwenzetu, habari ile ilizunguka kutoka redio hadi redio mpaka ikafika kwa wachungaji. Baada ya hapo hakuna mtoto aliyetembea akitumwa mtoni Turkwel. Tulikimbia kwenda, tukakimbia kurudi na maji yakimwagika, tukachapwa, kesho yake tukakimbia tena.

Shuleni mimi nilikuwa wa mita 1500. Uwanja wetu ulikuwa wa mchanga na mawe, mistari tuliichora kwa majivu. Nilimaliza vizuri, mara nyingi miongoni mwa wa mbele, lakini nikishamaliza kilianza kikohozi: kikavu, cha mfululizo, ambacho hakikuniachia hata wenzangu wakiwa wamekwisha kuoga. Mwalimu wa michezo alisema ni vumbi. Nyanya yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani, aliniinamisha mbele yake, akaweka sikio mgongoni mwangu, akasikiliza kwa muda, kisha akasema kifua cha baba yangu kilitoa sauti hiyo hiyo alipokuwa kijana. Akanipa supu ya mbuzi, nikalala. Pumu hufuata ukoo, na nyanya alikuwa ameligusa jambo lenyewe kwa sikio lake tu, miaka mingi kabla sijaambiwa na mtu mwenye vifaa.

Lodwar ya miaka ile ilikuwa mji mdogo wa wilaya. Wageni wengi waliujua kwa sababu ya Jomo Kenyatta, aliyehamishiwa huko kutoka Lokitaung mwaka 1959 na kuwekwa chini ya ulinzi. Barabara ya kutoka Kitale, iliyojengwa kwa msaada wa Norway, ilikuwa imeanza kubomoka, magari yalikuwa ya kuhesabika, na ukiamka mapambazuko uliweza kukimbia hadi jua linachomoza usikutane na lori hata moja. Mathenge nayo ilikuwa bado haijatuvamia. Mti huo uliletwa ili kushika mchanga na kutupatia kuni. Leo umefunga kingo za Turkwel na za laga nyingi za kaunti, yaani mito ya msimu, na mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu hatari. Wafugaji wanaulalamikia kwa miiba na kwa meno ya mbuzi yanayooza. Mimi nina lalamiko jingine: chavua yake. Chavua ya jamii hiyo ya miti inajulikana kuchochea mzio, na unapochanua mimi hujua kabla sijaona maua.

Chuo, kazi, ndoa, watoto. Mbio zikakoma bila mimi kuamua zikome.

Nilihamishiwa Kakuma, kama kilomita 120 kutoka Lodwar ukielekea Lokichoggio, kufundisha. Mji huo umekua ubavuni mwa kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, walipofika vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan kupitia Ethiopia. Mwaka 2015 Wakfu wa mwanariadha Tegla Loroupe ulifanya majaribio ya riadha kambini, wengine wakikimbia pekupeku, na waliochaguliwa wakapelekwa Ngong kufanya mazoezi. Agosti 2016 watano kati yao walikuwa Rio, katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki: Yiech Pur Biel, James Nyang Chiengjiek, Paulo Amotun Lokoro, Anjelina Nadai Lohalith, na Rose Nathike Lokonyen aliyebeba bendera. Nilitazama ufunguzi ule nikiwa nimesimama. Wale walikuwa watu wa vumbi letu. Rose alipoingia uwanjani na ile bendera, kila mtu pale tulipokuwa tumejazana mbele ya televisheni alikuwa akipiga kelele, wenyeji kwa wakimbizi, na kuna mama mmoja alilia bila kujificha. Haukupita muda nikanunua viatu sokoni, nikaanza tena.

Nilikuwa karibu na miaka arobaini na nilitarajia miguu iume. Miguu haikuwa na neno. Nilitoka alfajiri, nikafuata ukingo wa barabara, nikateremka kwenye mchanga wa Tarach, mto ambao sehemu kubwa ya mwaka hauna tone. Dakika za mwanzo zilikuwa tamu. Kisha kifua kilianza kukaza, polepole, kama ninavuta hewa kwa mrija wa soda. Kilichonishangaza ni kwamba nikisimama hali haikutulia. Ilizidi. Mtu aliyechoka akisimama hupata nafuu. Mimi nilisimama, nikashika magoti, na ndipo kifua kikaanza kupiga mluzi na kikohozi cha utotoni kikarudi. Kama nusu saa au zaidi kidogo baadaye kilikuwa kimepita, nikaingia darasani nikafundisha hisabati vizuri tu.

Kila mtu alikuwa na jibu. Mwalimu mwenzangu kutoka Bungoma aliniambia, “Mwalimu, huo ni umri.” Jirani alisema ni mkaa ninaopikia. Ndugu yangu aliyeishi Eldoret alishangaa kabisa: Lodwar na Kakuma ziko chini, kama mita 500 hadi 600 juu ya usawa wa bahari, Eldoret iko juu ya mita 2000, huku chini hewa ni nzito na oksijeni ni tele, inakuwaje mtu akose pumzi? Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yote niliyopewa, na lilinikaa kichwani. Oksijeni ilikuwepo. Tatizo lilikuwa njia ya kuipitisha.

Kwa kikohozi cha kwetu, jambo la kwanza ni kupimwa kifua kikuu, na ni haki iwe hivyo. Turkana imezika watu wengi kwa TB. Nilitoa makohozi, yakapimwa, nikaonekana sina. Baada ya hapo kituo kimoja kilinipa viuavijasumu na dawa ya maji ya kikohozi, kikanipa tena, na tena, bila hata mmoja kuniuliza kikohozi huja saa ngapi na baada ya kufanya nini. Siwezi kulisema hili bila uchungu. Nusu ya utambuzi wa ugonjwa huu iko kwenye swali hilo.

Aliyeliuliza alikuwa afisa wa kliniki huko Lodwar, kijana mwenye sauti ya chini, ambaye sote tulimwita daktari. Nilikuwa nimempeleka mtoto wangu, akanisikia nikikohoa.

“Mwalimu, hicho kikohozi huja ukiwa unakimbia au ukiwa umeshasimama?”

“Nikishasimama, daktari. Ndipo huwa kibaya.”

Akafungua droo, akatoa bomba la plastiki lenye namba ubavuni na mshale mdogo mwekundu. Kipima pumzi. Nisimame wima, nijaze kifua, nizibe mdomo wa bomba kwa midomo yangu, nipulize mara moja kwa nguvu zangu zote. Mshale ukaruka hadi juu ya 500. Akaniamuru nizunguke ua wa kliniki mbio, kwa kasi ya kunitoa jasho, mpaka aniite. Watu waliokuwa foleni walinitazama, mtu mzima wa shati la kazi akizunguka mwarobaini. Aliponiita hakunipima papo hapo pekee. Aliniketisha, akanipima tena na tena kadiri muda ulivyokwenda. Mshale ulikuwa ukiteremka. Nikiwa nimeketi, bila kufanya lolote, pumzi yangu ilishuka hadi karibu na 400. Akachukua chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa waya wa moto, tundu la ukubwa wa mdomo wa inhela, akachomeka inhela ya buluu, akabonyeza, nikavuta hewa kupitia mdomo wa chupa taratibu. Tulingoja. Mshale ukarudi ulikotoka. Sikuwa na la kumbishia.

Alinichorea mirija ya mapafu nyuma ya karatasi ya dawa. Mtu akipumzika hupumua kwa pua, na pua huipasha hewa joto, huipa unyevunyevu na kuichuja. Akikimbia hupumua kwa mdomo, hewa nyingi zaidi mara kadhaa, na kazi yote ya kuipa unyevunyevu inaangukia mirija yenyewe. Mirija inapoteza maji, inakauka, na kwa mtu mwenye pumu ukavu huo huamsha kemikali zinazoifanya misuli iliyoizunguka ikaze. Mkazo hufikia kilele dakika chache baada ya mtu kusimama. Ongeza vumbi la Kakuma, ongeza chavua ya mathenge, ongeza moshi wa alfajiri wakati kila boma linawasha moto. Ndugu yangu wa Eldoret alipata jibu lake siku hiyo kwa simu.

Yaliyofuata hayakuwa magumu. Kuvuta inhela ya buluu, salbutamol, kama robo saa kabla ya kukimbia. Kupasha mwili moto kwa muda mrefu, kwa vipindi vifupi vya kasi, kwa sababu mirija iliyokwisha kuchokozwa kidogo huwa na kipindi cha utulivu ambacho haikazi tena kirahisi. Kufunga kitambaa mdomoni upepo ukivuma. Kuhama ukingo wa barabara. Baadaye nikaongezewa dawa ya kinga yenye steroidi kidogo, ya kuvutwa kila siku hata kama sijisikii vibaya. Mwaka 2019 Mpango wa Kimataifa wa Pumu, GINA, ulibadilisha ushauri wake: watu wazima na vijana wenye pumu wasitibiwe kwa dawa ya kufungua kifua peke yake, kwa kuwa hiyo hufungua njia lakini haizimi uvimbe ulio ndani. Nawajua watu wanaoishi kwa inhela ya buluu tu na kujiona wako salama. Hawako salama.

Jambo gumu lilikuwa macho ya watu. Kwetu mwanamume anayetoa inhela mfukoni uwanjani anahesabiwa mgonjwa, na mgonjwa anaambiwa akae kivulini. Mwaka 2020 wa korona ulizidisha: ukikohoa barabarani watu walivuka upande wa pili. Nilijizoesha kueleza kabla sijaulizwa, na mfano wangu umekuwa mmoja, wa mkimbiaji wa Ethiopia, jirani yetu wa kaskazini. Haile Gebrselassie ana pumu. Mwaka 2008 alijitoa kwenye marathoni ya Olimpiki ya Beijing kwa kuhofia hewa chafu ya mji ule, akakimbia mita 10,000 badala yake, na Septemba ya mwaka huo huo, katika hewa safi ya Berlin, akaweka rekodi ya dunia ya 2:03:59. Vijana wangu wa Kakuma wakisikia hivyo hunyamaza, kisha mmoja huuliza inhela inapatikana wapi. Na si kosa la mchezo: sheria za kupambana na dawa za kusisimua misuli zinaruhusu salbutamol ya kuvutwa kwa kiwango kilichowekwa.

Leo Kakuma si ile niliyoikuta. Makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei yamejengwa, barabara ya lami imefika, na pale palipokuwa na vumbi la matairi pana kasi ya malori, hatari ya namna nyingine. Nakimbia polepole kuliko nilivyokimbia shuleni, na ninamaliza nikiwa na pumzi ya kuzungumza. Ninachokiangalia zaidi sasa ni watoto. Katika kipindi cha michezo huwa sikimbilii kumsema anayesimama njiani. Nangoja nimsikie akishaketi. Msichana mmoja wa darasa langu, aliyekuwa akiitwa mvivu, alikohoa vile vile nilivyokohoa mimi. Tulimpeleka kupimwa. Sasa anakimbia mita 800.

Kwa hiyo naomba, kwa walimu wenzangu na kwa wanaopanga bajeti ya afya ya kaunti. Mwalimu, mtoto anayekohoa baada ya kukimbia mpeleke apimwe, umweleze daktari ni baada ya mchezo gani na kwa muda gani. Na wenye bajeti, dawa hizi za kuvutwa zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, basi zisikosekane kwenye rafu. Kipima pumzi hakitaki umeme wala maabara. Mtu anapuliza, namba inasomwa. Kila zahanati kutoka Kainuk hadi Lokichoggio inastahili kuwa nacho.