Haskell Ni Mvivu, Si Mganga

Wasee wa Haskell, tafadhali acheni kuambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza ati uvivu wa hii lugha utawaokoa.

Nawaelewa lakini. Ukiona [1..] mara ya kwanza, orodha ya namba isiyo na mwisho, halafu uandike take 5 [1..] na jibu lije hapo hapo, manze unahisi umeonyeshwa siri. Haskell haihesabu kitu mpaka kihitajike. Umeitisha tano, umepewa tano, imerudi kulala.

Sasa jaribu filter (<10) [1..]. Itaandika 1 hadi 9 vizuri tu, halafu kimya. Hata bano la kufunga haliji. Wewe unajua baada ya 9 hakuna namba ndogo tena, kwa sababu unajua zinapanda. Yenyewe haijui. Ni kama askari wa mlangoni uliyemwambia akuletee kila mtu kwenye foleni mwenye tikiti ya chini ya 10. Atakuletea hao tisa, kisha ataendelea kukagua wa 11, wa 12, wa 5,000, na foleni yenyewe haiishi. Ungemwambia akikutana na wa kwanza asiyefaa aachie hapo. Hiyo ndiyo kazi ya takeWhile.

Hiyo bado ni ndogo. Yenye huniudhi ni ile ya Pythagoras. Mtu anatafuta a, b na c, ambapo a mara a jumlisha b mara b ni sawa na c mara c. Anachota zote tatu kutoka [1..], kwa mpangilio huo. Ukiisoma haraka, inakaa fiti kabisa. Shida ni kwamba ya mwisho ndiyo hukimbia kwanza: a ni 1, b ni 1, na c inapanda milele. Ile 3, 4, 5 tuliyokaririshwa sekondari haifikiwi kamwe.

Na hakuna ujumbe wa kosa. Makosa mengine hukupigia kelele, hili linakunyamazia kama mtu aliyesoma meseji yako na hajibu. Nimeona watu wenye akili wakiacha Haskell hapo, wakidhani ubongo wao ndio haufai, juu walishaambiwa orodha zisizo na mwisho hazina noma.

Anza na c kutoka [1..], kisha b kutoka 1 hadi c, halafu a kutoka 1 hadi b. Sasa ni c peke yake isiyo na mwisho. Weka take 1 mbele, na (3,4,5) inatokea kabla hujainua kidole kwa kibodi.