Gari ya Chini

Wazee wetu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sikujua kwamba hata gari huinamishwa, mpaka mwaka 2017 niliponunua Toyota Chaser kwa kijana mmoja wa Unguja, nikaivusha kwa meli hadi bandari ya Mkoani na kuileta kwetu Chokocho. Ilikuwa imeshushwa. Tumbo lake lilikaribia ardhi kama la paka anayenyatia, na nakiri, msomaji wangu, kwamba fedha zangu nilizitoa kwa ajili ya mnyatio ule zaidi kuliko gari yenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka 41, mwalimu wa hesabu, baba wa watoto wanne.

Chokocho ni kijiji cha pwani, kusini mwa Pemba. Watu hukaa pale wakingojea vyombo vya kuwavusha kwenda Kisiwa Panza, na anayengojea chombo hana kazi nyingine ila kutazama. Walinitazama. Nami nilipunguza mwendo ili watazame vizuri.

Lakini siku ya kwanza tu niligundua kasoro. Kila nilipoingia shimoni gari ilidunda, ikadunda tena, na mara ya tatu ikagonga chini. Nikampelekea fundi mmoja mzee ambaye umri wake wote ulikwisha chini ya malori ya mizigo. Aliikandamiza pembe ya gari kwa mikono miwili, akaiachia. Gari nzima huinuka mara moja ikatulia. Yangu iliinuka, ikashuka, ikainuka tena kama mtumbwi gatini. Akachungulia uvunguni, akanionesha shokomzoba imelowa mafuta na vumbi limegandia.

"Hii imekufa, Mwalimu. Na hata ingekuwa hai, isingeiweza springi hii."

Akanieleza kazi za vitu viwili hivyo. Springi hubeba uzito, na ikikandamizwa hurudisha kwa nguvu ile ile iliyopewa. Shokomzoba haibebi gari. Kazi yake ni kuituliza springi. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo, na ule msukosuko hugeuka joto, ukapotea. Aliyenitangulia alikuwa amezikata springi: katika mizunguko sita alitoa mmoja na nusu. Wengi hudhani springi iliyokatwa hulegea. Kinyume chake, hukakamaa, kwa kuwa waya uliobaki ni mfupi na haupindiki kwa urahisi. Springi kakamavu yataka shokomzoba yenye nguvu kuliko ile ya kiwandani.

"Basi nitafute ngumu," nikasema.

"Ngumu kidogo," akasema fundi. "Na springi uzirudishe juu."

Nilisikia neno moja tu katika yale. Mpwa wangu aliyekuwa Dar es Salaam akaniletea shokomzoba za mtumba kutoka Japani, zilizotengenezwa kwa ajili ya mashindano, zenye kirungu cha kuzungushia ugumu. Nilikizungusha mpaka kikagoma. Wiki ile nilikuwa mfalme. Kwenye kona gari haikulala hata kidogo, na kudunda kukaisha kabisa.

Ijumaa nikampakia mama yangu kumpeleka Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ambako alikuwa akitibiwa mgongo. Alikaa mbele, mkono mmoja ameshika mlango, mwingine ameshika kanga yake kifuani. Hakusema kitu. Kila jiwe lililopita chini ya gurudumu nililiona usoni mwake. Tulipofika alishuka taratibu, akasimama akiegemea mlango, akasema, "Mwanangu, gari yako hii yataka watu wasio mifupa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Miadi ya mwezi uliofuata ilipofika, niliamka mapema nikaosha gari. Mama hakuwamo ndani. Jirani akaniambia amekwishaondoka na daladala, zile za lori lenye mabenchi ya mbao, watu wamebanana na mapolo ya mihogo miguuni. Mama yangu, mwenye maradhi ya mgongo, alikuwa amechagua ubao kuliko kiti cha mwanawe. Na alichagua sawa: springi za lori zimetengenezwa kubeba, na lori likishajaa hutulia na kwenda kama jahazi lenye farumi. Gari yangu haikutengenezwa imbebe mtu yeyote. Ilitengenezwa itazamwe.

Usiku ule nilichukua karatasi nikapiga hesabu ambayo ningalipaswa kuipiga mwanzo. Springi ya mizunguko sita ikibaki na minne na nusu, ukakamavu wake huongezeka kwa theluthi moja. Lakini nguvu ya kuituliza haiongezeki kwa kiasi hicho. Hufuata kipeuo cha pili. Kipeuo cha pili cha nne juu ya tatu ni kama 1.15. Yaani nilihitaji nyongeza ya asilimia 15 tu! "Ngumu kidogo," alisema mzee asiyekuwa na karatasi. Tena shokomzoba ikizidi ugumu, gurudumu halipati nafasi ya kulifuata shimo. Huruka juu yake, na tairi iliyo hewani haishiki breki wala usukani. Na zaidi ya yote, gari iliyoshushwa mno haina nafasi ya kushuka tena. Hakuna shokomzoba duniani iwezayo kutengeneza nafasi isiyokuwapo.

Nilirudi kwa fundi, nikampa shikamoo ya mtu aliyeshindwa. Akaitikia marahaba, wala hakunisimanga. Tuliweka springi nzima, fupi kwa vidole viwili tu kuliko za asili, na shokomzoba mpya za Kayaba zilizoongezwa ugumu kiasi. Gari bado ilikuwa chini kidogo. Vijana wa gatini wakasema imeharibika.

Miadi iliyofuata nilimwomba mama anijaribu mara moja tu. Alisita, akapanda, akashika mlango. Tulipokwenda kitambo mkono ule ukateremka pajani. Kabla ya kufika Mkoani alikuwa amesinzia, na mimi nikaendesha kwa uangalifu nisimwamshe.

Amekwishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Zile shokomzoba za mashindano zimo bado ghalani. Juzi kijana mmoja alikuja kuziulizia. Ana gari aliyoishusha, na inamdundia. Sikumkatalia, wala sikumtajia bei. Nilimuuliza kwanza humpakia nani.