Handaki Zuri, Platuni Iliyopotea

Mkufunzi alisimama ukingoni mwa handaki, akalikagua taratibu kutoka kona hii hadi kona ile, kisha akaniuliza:

"Handaki hili kachimba nani?"

"Mimi, afande."

"Limenyooka. Kina kinatosha. Sasa niambie, watu wako wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Ilikuwa alfajiri, ukungu umeshuka Mlima Monduli kiasi kwamba mtu wa hatua ishirini humwoni. Usiku ule nilikuwa nimepewa zamu ya kuongoza platuni: watu thelathini, sekisheni tatu, ramani moja na dira moja. Nilizielekeza sekisheni mbili kwenye nafasi zao kwa maneno machache, nikavua shati la kombati, nikashika sululu. Kuchimba ndiyo kazi niliyoijua. Nilichimba kama mtu anayetaka kuonekana, na kweli nilionekana. Lakini sekisheni ya tatu ilikuwa imefuata njia ya ng'ombe ikidhani ndiyo njia ya kwenye ramani, ikateremka korongoni, ikalala huko. Kulipopambazuka, mchungaji wa Kimaasai ndiye aliyewaonyesha njia ya kurudi.

Nilikuwa na miezi mitatu Monduli, kwenye chuo cha maofisa wa jeshi, na kabla ya hapo miaka saba ya uaskari. Nilikwenda chuoni nikiamini kwamba miaka saba ile ni mtaji. Ilikuwa mtaji kweli, ila sikujua kuutumia.

Niliingia jeshini miaka ya tisini mwanzoni, kijana wa kidato cha nne mwenye miguu ya kukimbia na njaa ya kazi. Namba yangu ilianza na MT, kama ya kila askari. Nilipanda kutoka praiveti hadi koplo, tepe mbili mkononi, nikiishi hangani na wenzangu. Nilijua nani anakoroma, nani anamtumia mama yake pesa kila mwisho wa mwezi, nani analala na viatu akiwa na zamu ya lindo la saa tisa usiku. Maisha ya askari yana raha yake, na raha hiyo ni kwamba hauko peke yako hata dakika moja. Ukiamriwa, mmeamriwa wote. Mkilowa, mmelowa wote.

Kidato cha sita nilikisoma nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Wenzangu wakilala, nilikaa nje ya hanga chini ya taa ya ulinzi na daftari la historia, mbu wakinila miguu. Wakati mwingine aliyekuwa lindoni alikuja kuniuliza nimefika ukurasa gani, kama vile mtihani ule ni wetu sote. Matokeo yalipotoka, koplo mwenzangu alininunulia soda kantini na kuwatangazia watu wote. Baadaye nikaitwa usaili, nikapimwa afya, nikaandikiwa safari ya Arusha.

Siku ya kuondoka, sajenti wetu, mtu mzima asiye na maneno mengi, alinipa jozi mbili za soksi za sufu. "Monduli baridi," akasema. Basi. Nilizivaa mpaka zikatoboka visigino.

Baridi ya Monduli niliizoea. Kukimbia milimani nilikuwa tayari. Kwata nilikuwa naijua kuliko vijana waliotoka moja kwa moja shuleni, na usiku niliwafundisha kukunja blanketi na kung'arisha buti. Hata kupigiwa kelele uwanjani na sajenti wa gwaride ambaye miaka miwili nyuma tulikuwa naye cheo kimoja hakukunisumbua sana. Kilichonisumbua ni swali moja lililorudi kila siku darasani na porini: "Wewe umeamuaje?" Kwa miaka saba nilikuwa nimefundishwa kulitekeleza jambo vizuri baada ya mtu mwingine kuliamua. Vijana wa shuleni waliamua haraka, mara nyingi vibaya, lakini waliamua. Mimi nilikuwa nageuka kutafuta amri itatoka wapi.

Mkufunzi wa handaki alikuwa amepigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Hakuwa mtu wa kutukana. Asubuhi ile aliketi juu ya kifusi changu, akaniambia nikae. Akasema, "Ukishika sululu wewe, nani anashika ramani? Askari wako wanaweza kuchimba. Hawawezi kujua wako wapi kama wewe hujui." Akasimama, akajipangusa vumbi. Maneno yake yaliniuma kuliko adhabu, na adhabu nayo niliipata.

Wiki ileile tulisoma historia ya jeshi letu. Nilikuwa nimeisikia habari ya maasi ya 1964 tangu nikiwa kuruta, ikisimuliwa kama onyo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza. Walidai nyongeza ya mshahara, na walidai maofisa Waafrika. Serikali ikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza kuyazima maasi, jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mirisho Sarakikya, mmoja wa Watanganyika wachache waliokuwa wamepitia chuo cha Sandhurst kule Uingereza, ndiye aliyekabidhiwa kuliongoza.

Safari hii niliisikia habari ileile kwa sikio jingine. Kuasi ni kosa kubwa, na sitalitetea. Lakini niliona pia pengo lililokuwapo kabla ya kosa: waliochimba walikuwa upande mmoja, walioamua upande wa pili, na njia ya kutoka huku kwenda kule ilikuwa nyembamba mno. Hata neno tunalotamkiana kila siku, afande, ni neno la Kituruki lililotufikia kupitia majeshi ya wageni. Chuo chetu kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kuhamia Monduli mwaka 1976 ili taifa lijifundishie maofisa wake lenyewe. Kwamba mimi, mtu wa MT, niliyesomea chini ya taa ya ulinzi, nilikuwa nimekaa kwenye dawati lile, halikuwa jambo dogo. Watu walikuwa wameidai njia ile kabla sijazaliwa. Niliona aibu kuipita nikiwa nimeinama na sululu.

Nilianza kujizuia. Nikipewa zamu ya kuongoza, niliiweka mikono nyuma, nikatembea. Nilisoma ramani mpaka naota mistari ya mwinuko. Nilijifunza kutoa amri fupi, kisha kumwambia aliyeipokea airudie, ili nijue alichosikia ndicho nilichosema.

Tulitunukiwa kamisheni na Rais, Amiri Jeshi Mkuu. Nakumbuka jua, nakumbuka bendi, nakumbuka mama yangu akiwa amevaa khanga mpya jukwaani. Nyota moja begani, Luteni Usu, na namba mpya inayoanza na P. Baada ya wiki chache ilinifikia barua ya yule koplo aliyeninunulia soda. Miaka yote alikuwa akiniandikia "Kwako ndugu yangu." Safari hii iliandikwa, "Kwako afande." Niliisoma mara mbili nikiwa nimekaa kitandani, chumba cha peke yangu, kimya. Nilijua hakukosea, na utaratibu ndivyo ulivyo. Nililia hata hivyo.

Kikosi nilichopangiwa kilitupeleka mazoezini sehemu yenye ardhi ya mawe. Amri ilikuwa platuni yangu iwe ndani ya mahandaki kabla ya jua kuchomoza. Nikachukua sululu kwa askari mmoja, nikaupiga udongo mara tatu, nikamrudishia. Viganja vilikumbuka. Nilikwenda kwa kapteni, nikapiga saluti.

"Afande, kwa ardhi hii watu wawili hawamalizi handaki kabla ya jua. Naomba wachimbe kwa zamu, tuanze na nafasi za mbele, na maji yaje sasa."

"Umejuaje?"

"Nimewahi kuichimba, afande."

Akanitazama kidogo, akaagiza maji.

Usiku ule sikuchimba. Mikono iliniwasha, lakini nilitembea kutoka sekisheni hadi sekisheni, dira shingoni, nikimwita kila mtu kwa jina na kumuuliza jirani yake yuko wapi. Aliyechoka nilimjua kwa mlio wa sululu yake kabla hajasema neno, nikambadilisha. Hilo darasani sikulipata, nililipata hangani.

Kulipopambazuka nilipita handaki kwa handaki. Mawili yalikuwa yamepinda, na moja ningelichimba vizuri zaidi mimi mwenyewe. Nikayapita. Nilikuwa nahesabu vichwa, na hesabu yangu ilifika thelathini.