Biskuti za Idi Zisilainike Kabla ya Idi

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, simu ninazopigiwa huacha kuwa za mihogo na kuku zikawa za biskuti. Akina mama wa vikundi huku pwani ya Tanga huanza kuoka mapema ili wawahi oda, na miaka hii Idi ya Fitri imekuwa ikiangukia karibu na masika, hewa imeshiba maji. Swali huwa lile lile: "Bibi shamba, zilitoka jikoni zinavunjika kwa mlio, leo zimekuwa kama mkate. Au unga ni mbovu?"

Mara nyingi unga hauna kosa. Mkate ukiachwa wazi hukauka, lakini biskuti ikiachwa wazi hulainika. Imetoka kwenye moto na maji kidogo sana, na sukari iliyomo huvuta unyevu wa hewani.

Mwanamama mmoja wa Pangani alikopa VICOBA akanunua unga, siagi na sukari, na marejesho yalikuwa wiki moja baada ya sikukuu. Nilipofika kwake nilikuta ndoo safi, kifuniko kinabana vizuri. Tulipofungua, upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa na matone. Alikuwa anazifunga zingali na joto kwa kuogopa sisimizi, mvuke ukakosa pa kutokea. "Kumbe mwanangu nimezifungia na mvua yake!" akasema.

Hazikuwa na ukungu wala harufu, kwa hiyo tulizirudisha kwenye oveni, nyuzi 150, kama dakika tano hivi. Usitarajie zikauke humo humo, maana biskuti hukakamaa inapopoa. Tukazitandaza kwenye ungo, safu moja, tukafunika kwa kitambaa chepesi, na miguu ya meza tukaiweka kwenye vikopo vya maji kwa ajili ya hao sisimizi. Kipimo changu ni kuweka tumbo la biskuti kwenye kifundo cha mkono. Ukihisi uvuguvugu, subiri.

Kuna jambo jingine ambalo huharibu kuliko watu wanavyodhani: kufungua ndoo kila mteja anapobisha hodi, na watoto nao wakipita. Kila ukifungua, hewa mpya yenye unyevu inaingia. Pakia mapema kwenye mifuko midogo, ishirini ishirini, ufunge vizuri ndipo upange kwenye ndoo. Ndoo yenyewe iwe ya chakula. Iliyowahi kuwa na rangi au mafuta ya taa ibaki ya kufulia.

Keki na biskuti msizilaze pamoja. Keki itatoa unyevu, biskuti itaupokea, mtapoteza zote mbili. Kwa sababu hiyo hiyo, ule ushauri wa kuweka kipande cha mkate ndani ya kopo unafaa kwa biskuti laini tu.

Zikifungwa hivi na kuwekwa mbali na jua na jiko, mimi huwaambia wahesabu wiki mbili. Baada ya hapo adui si unyevu tena bali mafuta: siagi huanza kuchacha, na harufu hiyo haiondolewi na moto. Za kuchacha au zenye ukungu hazirudishwi jikoni, zinatupwa. Wanaotia karanga wachague kabla ya kusaga, watoe zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, kwani sumukuvu haiishi kwa kuokwa.

Mwenye friza anaweza kuoka hata mwezi mzima kabla. Ila ukizitoa, usifungue mfuko mpaka upoteze ubaridi wote, la sivyo zitatoka jasho.

Yule mama aliuza karibu zote, akarejesha mkopo kwa wakati. Mwaka huu ameniambia ataoka mara mbili, nusu ya kwanza ya oda za jumla, nusu ya pili siku tatu kabla ya mwezi kuandama, na ungo ameshanunua wa pili.